Malalamiko Kuhusu Yai Lililovuliwa Ganda Hadharani

Upande wa Kaagya,
14 Septemba 1955

Kwa Bwana Mkaguzi wa Shule, Bukoba.

Bwana Mheshimiwa,

Nakutakia afya na utulivu, vitu ambavyo mimi sinavyo tena. Mwalimu Aroni, uliyetuletea mwaka jana kufundisha elimu ya viumbe, ameniharibia kijiji. Mimi ni omukungu, yaani mkuu wa kijiji hiki, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijawahi kuaibishwa na yai.

Kwanza. Siku chache kabla ya siku ya wazazi, mwalimu aliniomba mayai matatu. Nilimpa kwa moyo mweupe. Mayai kwangu hayakosekani: anayetaka cheti cha kutoka kijijini huja nayo kwa hiari yake, na asiye na hiari husubiri. Mwalimu akayatia katika siki aliyonunua dukani kwa Lukmani. Kwa siku mbili yakatoa povu, maganda yote yakayeyuka.

Pili. Siku ya wazazi akayaonyesha mbele ya watu, laini, yakitikisika, wala hayakumwagika. Moja lililolazwa katika maji matupu lilikuwa limevimba. La pili, la maji ya chumvi, lilikuwa limesinyaa kama shavu la mzee. La tatu aliliacha lilivyo, la kulinganishia. Akasema maji hupita katika utando wa yai, lakini ute haupiti. Akasema huo ni mfano tu, maana kila kiumbe kimejengwa kwa chembe hai ndogo zisizoonekana, na kila chembe ina utando wake mwembamba kupita kiasi. Utando huo hupokea chakula, hutoa taka, huzuia kisichofaa, na ukipasuka chembe hufa. Akasema hata omukungu ana chembe hizo. Hakuniuliza kabla ya kunitaja.

Tatu. Hapo akasimama mjane mmoja, Alistidia, akauliza kwa heshima ya kwetu:

“Waitu mwalimu, kumbe yai linakaa bila ganda?”

“Linakaa, mama. Kinachochagua cha kuingia na cha kutoka ni utando.”

“Na ganda huchagua nini?”

Mwalimu akafikiri, akajibu kwamba ganda hukinga yai lisipasuke, lakini halichagui kitu, ni gumu tu. Watu wote wakageuka kunitazama.

Nne. Ni lazima ujue habari za Alistidia. Binti yake Kemilembe alijifungua huko Muleba wakati wa Pasaka, na mama akaja kuomba cheti aende kumwona mjukuu. Nilimwambia arudi Jumatatu, kama afanyavyo mtu mwangalifu. Akarudi na mayai kila Jumatatu hadi mwezi wa nane. Kesho yake baada ya maonyesho alifunga mzigo wake, akaenda Muleba bila cheti, akamkuta mtoto anakaa kitako mwenyewe. Anasema alilia, kwa kuwa hakumpakata akiwa mchanga. Nauliza: kosa hilo ni la nani, kama si la mwalimu aliyechelewa kuonyesha mayai yake?

Tano. Tangu hapo watu kumi na mmoja wametoka na kurudi bila ruhusa. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyeleta ugonjwa, na mashamba yamepaliliwa. Jambo hili linanitia hofu kuliko yote.

Kwa hiyo naomba utando uondolewe katika mafundisho. Kama haiwezekani, kwa sababu nasikia hata Wazungu wanao, basi naomba uwekwe chini ya mamlaka yangu: chembe yoyote ya mkazi wa kijiji hiki isipokee maji wala kutoa taka kabla sijapiga muhuri. Siku zangu ni Jumatatu.

Wasalimu walimu wote wa wilaya, isipokuwa mmoja, na wote wa nyumbani kwako. Kwetu wazima, ingawa hawasikii.

Ni mimi mtiifu wako,
Rugaibula, Omukungu

Baada ya sahihi: Kwa kanuni, barua hii ilipaswa kupitia kwa karani wa gombolola, yaani wa tarafa yetu. Lakini kwake barua hulala majuma matatu, na haziamki mpaka apelekewe mkungu wa ndizi. Kwa kuwa jambo langu ni la haraka, nimempa Alistidia, anakuja huko kesho asubuhi. Hana cheti. Tafadhali asisumbuliwe njiani.