Mkwe Aliyeshuka na Ndege

Jumatatu, 5 Agosti 1996. Nairobi.

Nimepata! Mpango umenijia bafuni, mzima mzima, sabuni bado masikioni. Mke wangu Eucabeth yuko Homa Bay, kozi ya walimu, wiki tatu. Mama yake yuko Migori na hajamwona mtoto wetu hata siku moja. Miezi kumi na mitatu! Mguu wake hauwezi safari ya Nairobi, na kila barua anauliza kama atazikwa kabla ya kumshika mjukuu aliyepewa jina lake. Barua hizo hunichoma. Basi: mimi na mtoto tunapanda ndege, tunamshtukiza Eucabeth Homa Bay, Ijumaa tunafika Migori wote watatu, mama mkwe anamshika mjukuu, na Wesley anakoma.

Wesley ni mume wa Benta, dada ya mke wangu. Ana duka la vipuri Awendo na pikapu. Kila akienda kwa wakwe hutanguliza barua wiki mbili kabla. Mwoga! Na bado wanampenda.

Simwambii mtu.

Jumanne, 6 Agosti

Okari, rafiki yangu anayepakia mizigo kwenye ndege ndogo, amenipatia nafasi. Ndege ya viti vinne, inafuata samaki Homa Bay. Nikauliza kama ina harufu. Akasema ikishapaa huisikii. Okari hajawahi kupanda ndege.

Shida ya jina. Fomu inataka jina la mtoto, naye ana jina la mama mkwe, na jina la mama mkwe mimi silitamki wala siliandiki. Nyumbani namwita Bosi. Nimejaza Bosi Makori. Karani akauliza bosi wa nini. Nikamwambia angoje amwone.

Jumatano, 7 Agosti

Yaya nimempa likizo, asije akatoa siri.

Nimemzoesha Bosi kuruka. Nimemweka kwenye beseni, nikalizungusha sebuleni nikinguruma kama injini. Amecheka mpaka akacheua. Jirani amegonga ukuta. Nimefungasha nepi kumi na mbili, chupa ya uji na tai nyekundu ya kushukia. Mtu hashuki kwenye ndege bila tai.

Alhamisi, 8 Agosti. Migori!

Sijui nianzie wapi.

Harufu ipo hata juu. Okari mwongo. Bosi alifurahia kila kitu. Mimi nilifumba macho mpaka ziwa lilipoonekana. Uwanja wa Homa Bay ulikuwa umejaa ng'ombe. Rubani akazunguka mara tatu. Ng'ombe hawakujali. Akasema atapeleka kwanza sanduku lake la dawa Migori, kisha turudi. Hapo Bosi akamtapikia uji begani. Tulipotua Migori rubani alisema, kwa upole sana, kwamba sisi tumefika.

Sasa. Shamba la mihogo la mama mkwe linapakana na uwanja wa ndege. Nilijua. Nilisahau. Ndege ikitua Migori watu hukimbilia kutazama, na mbele kabisa alikuwa yeye, gambuti miguuni, jembe mkononi. Mguu mbovu? Ndege ikitua hakuna mguu mbovu.

Kwetu Wakisii mtu hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono. Sembuse kumtokea bila taarifa akiwa na nguo za shamba! Nikasimama mlangoni mwa ndege, tai imepinda, macho yakitoa machozi kwa upepo na samaki, mtoto mikononi, mke hayupo. Mama mkwe akasimama kwa mbali, akamtuma Mosoti, kaka ya Eucabeth, aniulize dada yake yuko wapi.

Ningesema Homa Bay. Maneno mawili! Lakini nilitaka kumshtukiza kwa utaratibu. Nikamwambia Mosoti ni habari ndefu, twendeni kwanza nyumbani tukae chini.

Hakuna Mkisii anayekalishwa chini ili apewe habari njema. Jembe likaanguka. Mama mkwe akapiga yowe, akakimbia, umati wote nyuma yake. Ningemfuata? Mkwe amkimbize mama mkwe kwenye mihogo? Nikabaki na rubani.

Kufika bomani, watu hamsini wanalia. Nikasema Eucabeth ni mzima. Wakanitazama kwa huruma. Nikasema yuko Homa Bay. Wakaelewa mochari. Mama Nyasuguta, jirani, akaniletea uji wa sukari nyingi na kuwaeleza wenzake kwamba mfiwa huanza hivyo hivyo. Wanawake wakambeba Bosi. Mama mkwe alikuwa ndani, hakuweza hata kumtazama mtoto. Nilimsikia akimwita binti yake. Niliona aibu ya kweli, nikashindwa kunywa uji.

Nikapiga simu chuoni Homa Bay, haikuingia. Saa kumi akafika Wesley na pikapu, turubai na viti. Nani alimwita? Akanishika bega, akaniambia nijikaze. Ameunda kamati ya mazishi. Mwenyekiti ni yeye.

Ijumaa, 9 Agosti

Asubuhi Wesley amekwenda Homa Bay kuutambua mwili. Nilimsihi anichukue. Akasema mfiwa hasumbuliwi. Amebeba wazee wawili wa kanisa na blanketi jipya.

Saa saba, honi! Mwili ulikuwa kiti cha mbele, umekunja mikono, umenuna.

Mochari walikosa mtu wa jina hilo. Wakaenda chuoni kuwapa walimu pole, na aliyekuja langoni kuzipokea ni marehemu mwenyewe, chaki mkononi.

Kilio kikakatika. Kisha vigelegele! Mama mkwe alitoka mbio (mguu, tena), wakaanguka nyasini yeye na Eucabeth, wakilia, wakicheka, wakifinyana. Mbuzi wa matanga akawa mbuzi wa sherehe. Mimi nililia nyuma ya ghala, kwa furaha na kwa kujificha.

Eucabeth anasema jana aliiona ndege ikizunguka mara tatu juu ya chuo, akaipungia mkono. Kisha alisema mengine. Sitayaandika.

Halafu mama mkwe akamtuma Mama Nyasuguta: aliyemleta mtoto amkabidhi mwenyewe, kwa heshima. Nikatandika leso katikati ya boma. Nikamweka Bosi juu yake. Nikarudi nyuma hatua kumi, macho chini. Mama mkwe akaja, safari hii polepole. Bosi akamtazama, akanyoosha mikono, na alipoinuliwa tu akamvua kitambaa cha kichwa. Mama mkwe alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akamwita mtoto kwa jina lao wawili, kwa sauti, tena na tena. Nilifurahi. Hata tai nilivua.

Sasa wote wanamsifu Wesley kwa kumrudisha Eucabeth. Amemrudisha kutoka wapi? Alikuwa kozini!

Jumamosi, 10 Agosti

Sabato. Kanisani Wesley ametajwa mara nne. Mimi mara moja, kama abiria.

Jumapili, 11 Agosti

Kikao cha familia. Mama mkwe ameketi upande ule wa boma na Bosi mapajani, mimi upande huu, Mama Nyasuguta katikati akibeba maneno. Mama mkwe amenisamehe. Anasema hajawahi kufurahi hivi tangu amzae Eucabeth. Turudi Desemba, na mtoto. Sharti moja tu: nitangulize barua, kama Wesley.

Nimeapa mbele ya wote. Eucabeth amenifanya nirudie kiapo.

Na mimi ni mtu wa neno langu. Barua nimeshaiandika, imo mfukoni. Kurasa mbili, heshima tupu. Lakini barua huchelewa njiani, kila mtu anajua. Afadhali nimletee mwenyewe, Desemba, mkononi, nikishuka tu kwenye ndege. Atafurahije!

Simwambii mtu.