Hotuba ya Kufungua Kituo cha Manahodha wa Anga, Iliyotolewa na Mshonaji kwa Niaba ya Mheshimiwa

Mwanangu amekuwa nahodha mkuu wa meli ishirini na mbili! Ishirini na mbili, na zote zinaruka! Juzi mchana kampuni ya wafanyabiashara wa anga, yenye wachezaji wa nchi ambazo mimi nikizitamka nauma ulimi, imepiga kura kwenye kompyuta, na aliyeshinda ni yule binti aliyepita hapa sasa hivi na ndoo akawaambia hamjambo. Yule yule. Nimemzaa mimi, na uchungu ulinishika siku mbili, kwa hiyo msiniambie ninajisifu. (Makofi. Vigelegele. Fundi viatu: “Mama, salimia watu kwanza!”)

Nakuja, fundi, salamu haiozi. Mheshimiwa Mkurugenzi wa Maendeleo, ambaye hayupo, Mheshimiwa Naibu Mkurugenzi, ambaye ametumwa kumtafuta Mkurugenzi, Ndugu Katibu wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ametumwa kumtafuta Naibu, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti, ambaye naona amekikalia kiti kimoja na kingine amekiegemeza miguu, mwalimu mstaafu, kinyozi wetu, mashangazi, mashemeji, mawifi, baba wa nahodha, ambaye yuko kule nyuma anajifanya hanijui, wageni waalikwa na wasioalikwa ambao ndio wengi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mnajua kwa nini nimesimama mimi. Tumekaa hapa tangu saa mbili asubuhi, na saa tano Mheshimiwa akamtuma dereva wake na bahasha. Barua inasema ametingwa na majukumu mazito, na kwamba mwananchi yeyote mwenye sifa amsomee hotuba yake iliyoambatanishwa. Tumeikung'uta bahasha mpaka ikachanika, hotuba haikuambatanishwa. Kamati ikauliza nani ana sifa. Nikanyoosha mkono. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hotuba za Mheshimiwa nimezisikia tano, na suti anazohutubia nazo nazishona mimi; kila mwaka ananiletea suruali nimuongezee kiuno, kwa hiyo suala la maendeleo nimelipima kwa futi yangu mwenyewe. (Kicheko kirefu. Dereva anaonekana akitazama usukani.)

Sasa basi, kwa kuzingatia umuhimu wa mchakato mzima wa uwezeshaji wa wadau katika sekta ndogo ya uchumi wa kidijitali wa anga za juu, na kwa mujibu wa upembuzi yakinifu uliofanywa kwa miaka mitatu katika semina elekezi kumi na saba, ambazo chai yake ilikuwepo na mimi niliinywa, napenda kutamka rasmi kwamba kituo hiki kilichoko nyuma yangu ni cha kupigiwa mfano. Tazameni wenyewe. Ukuta wake hauna ufa hata mmoja. Paa lake halijawahi kuvuja, hata ile mvua ya mwezi uliopita iliyoning'olea mabati. Madirisha yote ni mazima, hewa inapita bila kizuizi, na mwanga unaingia pande zote nne. Ni jengo ambalo halijawahi kumsumbua fundi yeyote. (Kicheko. Watu wa mbele wanageuka kutazama nyuma ya msemaji. Shangazi mmoja: “Hilo kweli!”)

Kwa wasiojua, mchezo wenyewe ni wa kompyuta. Unaingia, unapewa kijimeli cha bure, unanunua bidhaa kwenye sayari hii, unaiuza kwenye ile, na ukikutana na haramia njiani anakunyang'anya. Ni sokoni tu, ila hakuna matope. Takwimu zilizokusanywa na mimi dirishani zinaonyesha kwamba wakazi kumi na wawili wa mtaa huu wamejiandikisha kufundishwa na mwanangu, sawa na asilimia mia moja ya waliojiandikisha. (Makofi.) Na si kujifurahisha tu. Kura ile ya juzi ina sharti: nahodha mkuu mpya lazima aingize manahodha wapya kumi na wawili siku msimu wa biashara unapofunguliwa, kila mmoja kwenye kompyuta yake, kwa saa ile ile, saa nne asubuhi Jumamosi hii. Asipofanya hivyo, kiti kinaenda kwa mshindi wa pili, mtu mmoja wa mbali huko anayejiita Chuma cha Moto, ambaye hata mama yake hajulikani ni nani. (Sauti: “Aa, hapana!”) Na kompyuta tuliyonayo ni moja. Iko juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, kifuniko chake nimekibana kwa pini, na ikipata joto naipepea kwa mfuko wa mito ya mabega.

Kwa hiyo, kabla hatujafika kwenye utepe, nitoe mwongozo wa kimkakati kwa manahodha wanaoanza, kama ninavyousikia kila siku nikiwa kwenye cherehani.

Kwanza, ridhika na kijimeli chako. Kinyozi, simama tukuone. Huyu bwana ananyoa kichwa kwa dakika nne, mkono mwepesi, lakini siku ya pili tu alikiuza kijimeli chake cha bure akanunua meli ya ghorofa tatu, na alipomaliza kuinunua hakuwa na cha kununulia mafuta. Sasa imeegeshwa bandari ya sayari ya tatu. Kila asubuhi anakuja kwangu, anaomba kompyuta, anaitazama, anasema “imetulia,” anakwenda kunyoa. (Kicheko. Kinyozi: “Lakini ni nzuri, mama!”) Ni nzuri, mwanangu, hata jeneza lina nakshi. Keti.

Pili, nunua kilipojaa, uza kilipoadimika. Msicheke, mtu mzima, mwalimu wetu mstaafu hapa, alipakia barafu akaenda kuiuza kwenye sayari ya barafu. (Mwalimu: “Nilikuwa najaribu soko!”) Shikamoo, mwalimu. Ulikuwa unajaribu soko, na soko lilikujaribu wewe. Uliza bei bandari tatu kabla hujafungua mkoba, kama mimi ninavyofanya kwenye vifungo na zipu. Mwenye duka wa kwanza anakwambia bei yake, wa pili anakwambia bei ya wa kwanza, wa tatu ndiye anayekwambia bei.

Mzigo usiupakie wote kwenye meli moja. Meli ikatie bima kabla ya safari, si baada, maana baada inaitwa kilio. Mtu usiyemjua akikwambia mpe sarafu zako azizidishe mara mbili akurudishie, mwambie azizidishe zake kwanza. Haya yote, wadau, mwanangu aliyagundua peke yake, bila semina, bila ile kapasiti bildingi ambayo Mheshimiwa ametuahidi katika kila hotuba. Niliwahi kumuuliza mwalimu ni kitu gani, akanieleza vizuri kwamba ni kuwajengea watu uwezo. Basi uwezo wangu mimi uko futi tano na inchi mbili, na wote niliujenga kwa uji wa mama yangu. (Vigelegele.)

Na la mwisho, ambalo nalisema kwa uchungu kwa kuwa mkosaji ni mimi: usisimame mlangoni. Kati ya nyota na nyota kuna mlango wa kupitia meli. Ukifika, pita. Wiki iliyopita mwanangu alikwenda kuchota maji, akaniambia, “Mama, meli iko njiani, ikifika mlangoni bonyeza hapa tu, ipite.” Ilikuwa na tani mia nne za barafu. Nikakaa, nikanyoosha mgongo kama rubani. Meli ikafika mlangoni. Nami nikinyoosha kidole, yakatokea maandishi chini ya kioo: “Shikamoo.”

Jamani. Ningefanya nini? (Sauti nyingi: “Ujibu!”) Ndiyo! Mtoto wa watu amenipa shikamoo, nimpite kama gogo? Nikaisimamisha meli. Nikaanza kuandika marahaba, kwa kidole kimoja, natafuta herufi moja moja kama mtu anayeokota pini kwenye zulia la watu. Nimefika kwenye ha, mwanangu akaingia na ndoo.

“Mama! Mbona umesimama mlangoni?”

“Namjibu mtu.”

“Mama, huyo ni haramia! Anatoboa stoo ya mzigo! Pita!”

“Haramia ana adabu kukushinda wewe. Wewe leo umenisalimia?”

(Kicheko kirefu. Fundi viatu anayapiga mapaja yake kwa ngumi.)

Nilipomaliza marahaba, tani mia nne zilikuwa zimekwenda. Mwanangu akaweka ndoo chini, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akanigeuzia mgongo, na mnajua mgongo wa mtoto unavyomuumiza mama. Lakini salamu haikatwi katikati, hata kama umeshaibiwa. Nikaendelea. Nikaandika: hujambo mwanangu, habari za nyumbani?

Akajibu. Haramia akajibu! Akaandika: “Nyumbani salama, mama. Nimekaa tu sebuleni kwa baba mkwe, nimechoka kucheza peke yangu. Hapa kuna kompyuta kumi na mbili, mimi natumia moja, nyingine bado ziko kwenye maboksi.” Nikamuuliza, kumi na mbili za nini, mwanangu? Akasema kwenye maboksi kumeandikwa Kituo cha Manahodha wa Anga, kama kwenye kibao hiki. (Watu wa mbele wanageukia kibao.) Nikamuuliza, baba mkwe wako ni nani? Akanitajia cheo. (Minong'ono. Mtu: “Cheo gani, mama?”)

Cheo kile kile nilichoanza nacho kwenye itifaki, kikifuatiwa na maneno “ambaye hayupo.” (Kelele. Viti vinaanguka. Fundi viatu: “Dereva, ni kweli? Wewe ndiye uliyeyabeba!” Dereva anapandisha kioo cha gari.)

Mwacheni dereva, ana watoto, na kioo kimeshajibu. Nami nimlaumu nani? Mwaka jana nilikwenda nyumbani kule kumpima Mheshimiwa suti, nikaona sebuleni maboksi yamepangwa ukutani, yamefunikwa kitambaa cha meza na juu yake chombo cha maua. Nikasifu kitambaa! Mimi, fundi wa miaka ishirini, nilisifu kitambaa, nikaangalia hadi pindo lake, nisiangalie kilichofunikwa.

Na yule mkwe, nisimseme vibaya. Kaolewa vizuri, kalelewa vizuri, na ananyang'anya vizuri. Nilipomweleza barafu ile ilikuwa ya nani, aliirudisha yote, na akaongeza tani kumi za pole. Na juzi, nilipomweleza sharti la kura, akasema, “Mama, Mheshimiwa anaanza ziara ya mafunzo Ijumaa hii. Mimi nipo. Geti nafungua mwenyewe.” (Vigelegele vinavyopita dakika moja. Baba wa nahodha anasimama, anapiga makofi, anakaa haraka.) Sasa unanijua, mume wangu?

Hesabu ni hii, na si ya semina. Kumi na mbili, toa moja anayotumia mkwe, ongeza yangu yenye pini. Kumi na mbili kamili. Chuma cha Moto atafute kiti kwingine.

Nimalizie kama wakubwa wanavyomalizia. Nikisema barafu, mseme haiuzwi kwenye barafu. Barafu! (“Haiuzwi kwenye barafu!”) Kijimeli! (“Kinatosha!”) Mlangoni! (“Hatusimami!”) Shikamoo! (“Marahaba! Habari za nyumbani?”) Hapo hapo. Hilo swali la pili msilisahau kamwe.

Kwa niaba ya Mheshimiwa, nawashukuru kwa kukaa juani kwa muda wa saa tatu mkisubiri kufunguliwa kwa kituo. Namshukuru yeye mwenyewe kwa kibao hiki alichokisimika, kwa utepe huu mwekundu uliofungwa kwenye miti miwili, na kwa jengo lililo nyuma yangu, ambalo halina ufa kwa kuwa halina ukuta, halivuji kwa kuwa halina paa, na halitafunguliwa leo kwa kuwa halijawahi kujengwa, wala tofali moja halijawahi kuletwa hapa, tangu hotuba ya kwanza mpaka hii ya sita. Mkasi nimekuja nao, ni ule wangu wa kazi. Utepe naukata, naondoka nao. Nitautia kwenye magauni ya watoto wa shule, angalau kitu kimoja cha mradi huu kitafika kwa watoto. (Utepe unakatwa. Makofi.)

Kituo kiko nyumbani kwa Mheshimiwa. Angani hatusimami mlangoni, lakini huku chini tutasimama, tutapiga hodi kwa sauti ya heshima, na tutasubiri kukaribishwa kama watu waliolelewa. Kila mmoja aje na kiti chake, maana vya Mheshimiwa ni vya kuzama na nahodha hafai kuzama. Kinyozi, wewe uje na kidumu cha mafuta kama ishara. Mwalimu, usilete barafu. Dereva, teremsha kioo kidogo unisikie, maana na wewe umealikwa, njia ya kwenda unaijua kuliko sisi: ni Jumamosi hii, saa tatu na nusu asubuhi, wote.