Ziwa la Filipo na Mtani wa Kisarawe

Filipo Kazimoto alikuwa na ulimi wa kumuuzia samaki maji. Oktoba ya mwaka tisini na saba ulimi huo ulikuwa na haraka: pale Ufukoni, Mtwara, alikuwa amekwisha uza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na wenye kiwanja walikuwa wameanza kusalimiana. Ilimpasa awe ng'ambo ya Ruvuma kabla hawajaulizana mipaka.

Ndipo, kwenye genge la chai, akamsikia Mwalimu Josephu akiilaumu bahari. Josephu alikuwa Msukuma, amehamishiwa Mtwara kufundisha jiografia.

"Maji gani haya?" alimwambia mkewe, Joyce. "Ukioga unatoka umekolea chumvi kama samaki ng'onda. Mimi nimekulia ziwani!"

"Mwangaluka!" Filipo akadakia. Hiyo ni salamu, na ndilo neno pekee la Kisukuma alilolijua. Alilipata kwa utingo wa basi.

Josephu nusura amwage chai. "Kumbe ndugu! Wa wapi?"

"Mama ni wa Magu. Nimekulia Dar, lugha niliiacha kwa bibi. Sasa Mwalimu, unalilia ziwa na ziwa lipo? Litembwe, karibu na Kilambo. Maji baridi, viboko, jiwe linalonguruma, kisima cha ujana. Jumapili napeleka wageni."

Ziwa lilikuwepo, nisimsingizie. Mwezi wa tatu lilikuwa kama uwanja wa mpira. Oktoba lilibaki eneo la golikipa.

Kando yake alilima muhogo Bi Saida. Filipo alimwahidi doti ya kanga ili siku hiyo awe mlinzi wa mizimu, awaambie wageni kwamba ziwa halipendi chuma wala ngozi: viatu, saa, pete, vyote viingie guniani. Kisha wageni wangelizunguka jiwe mara saba, macho yamefumbwa, na Filipo angelibeba gunia hadi Kilambo, kwenye mtumbwi wa kuvukia Ruvuma. Bi Saida hakuuliza gunia lingerudi lini. Alikuwa na miaka sitini; maswali mengine alijijibu mwenyewe.

Jumapili Josephu, Joyce na wageni wengine, kila mmoja amelipa kiingilio, wakafika kwa pikapu ya Hassani, dereva wa njia ya Kilambo. Josephu akaliangalia ziwa. Bata wawili walisimama katikati, maji hayajawafika magotini.

"Ndilo hili?"

"Limetoka kidogo, Mwalimu. Limekwenda kuusalimu mto. Saa nane linarudi."

Josephu akaitikia kwa kichwa kitaalamu na kumweleza mkewe habari za maji ya chini ya ardhi. Elimu ni kitu kikubwa: mjinga angeona dimbwi tu.

Pembeni, Filipo alimpa Bi Saida kanga yake. Bibi akaikunjua. Kipande kimoja.

"Na cha pili?"

"Kinakuja, bibi. Fanya kazi kwanza."

Doti ni vipande viwili. Kumpa mwanamke kimoja ni kumwambia nusu yake ikae uchi. Bi Saida akaikunja tena. Akaenda, akawatisha wageni kama walivyoagana.

"Pete ya ndoa siivui," Joyce alisema.

"Shauri yako, mwanangu. Mwaka jana mmoja alikataa. Ziwa liliichukua pamoja na kidole."

Pete ikaingia guniani, juu ya saa aliyoachiwa Josephu na marehemu baba yake. Filipo akalitupa gunia begani. "Nakwenda kulihifadhi kibandani."

"Ngoja wewe," Bi Saida akasema kwa sauti. "Wewe kabila gani?"

Filipo akamtazama Josephu. Josephu alikuwa akitabasamu, anangoja kusikia. "Msukuma, bibi."

"Msukuma! Wallahi, mtani wangu! Mimi Mzaramo wa Kisarawe, niliolewa huku!" Akalivuta gunia. "Cha mtani ni changu! Lete na koti! Vua viatu, Msukuma we, ulivijulia wapi viatu?"

"Amekupata!" Josephu alipiga makofi kwa furaha. "Toa, ndugu! Mtani hanyimwi!"

Koti lilikuwa na nauli ya mtumbwi na viingilio vya wageni wote. "Bibi," Filipo alinong'ona, "hatukuagana hivi."

"Sema kwa nguvu, mtani, wenzio wasikie!"

"Mimi siyo Msukuma!"

"Nini?" Josephu alisogea. "Juzi mama yako si alikuwa wa Magu?"

Filipo akarudi hatua moja. "Nasema... mimi siyo Msukuma wa kukasirika." Akacheka kicheko cha mtu anayeng'olewa jino, akavua koti na viatu, akaondoka pekupeku kuelekea Kilambo. Huko mwenye mtumbwi hakuwa na utani na mtu.

Bi Saida akamrudishia Joyce pete. Wageni wengine wakapewa vyao, na Josephu akarudishiwa saa. "Ya marehemu haitaniwi," bibi alisema. Lakini viatu vyake vya ngozi akavishika kwapani, maana naye Msukuma, tena halisi. Josephu aliviacha kwa fahari, kama anayetoa mahari.

Njiani Joyce alimuuliza dereva, "Yule bibi ni Mzaramo wa Kisarawe upande gani?"

"Nani, Bi Saida?" Hassani nusura aingie mtaroni. "Mmakonde wa pale pale, mama! Hata Mikindani hajafika!"

Josephu akaangalia vidole vyake vya miguu, vimejaa vumbi.

"Lakini," akasema, "amenitania vizuri."