Kaveke na Tairi Lililokunywa Mtungi

Sikizeni, enyi watu wa Voi, nanyi mlioko juu Sagalla na ndoo zenu. Chai iacheni ipoe, maana namsimulia Kaveke, simba wa viraka, bwana wa jeki, na vita alivyopigana Jumamosi kando ya barabara kuu, bibi harusi akitazama.

Bibi harusi ndiye Mable. Gari la mjomba wake Titus lilikuwa likimpeleka kanisani Sagalla, likapata pancha, na spea halina. Kasisi naye alikwisha kuonya: ikigonga saa sita anaenda kuzika Makwasinyi, harusi ingoje wiki ijayo.

Kaveke akalivua tairi, akachungulia ndani, akashtuka. Sponji! Sponji nene, imegandishwa duara zima, imefunika tundu.

"Fundi, hilo ni tairi ama godoro?" Mable akauliza.

"Hiyo inameza kelele za barabara," mjomba akajibu, kifua mbele.

Ndipo Kaveke akanguruma: "Ewe tairi! Malori ya mkonge nimeyaziba, basi la Mombasa nimeliziba abiria wakiwa ndani. Wewe ni nani unifiche tundu?"

Akafanya kama anavyoyafanyia malori: akamwaga maji ndani, aone yatatokea wapi. Sponji ikanywa. Akaongeza, ikanywa. Ikaumaliza mtungi wa Teresia muuza chai, na nje halikudondoka hata tone.

"Weh, Kaveke! Maji ya kununua hayo!" Teresia akapaza sauti. "Sasa watu niwachemshie mate?"

Mable hakungoja. Alikunja gauni mpaka magotini, akatia mikono yote miwili, akaikandamiza sponji kama anayekanda unga wa chapati, akizunguka nayo pole pole. Mara uzi wa maji ukachomoka nje, ukampata Kaveke jichoni.

"Adui amejitokeza!" shujaa akalia kwa furaha. "Kisu!"

Akaikata sponji pale penye tundu, akakwangua gundi, akapuliza pakakauka kabisa, akabandika kiraka, akajaza upepo. Kisha akapaka povu la sabuni, kwa maji yaliyokamuliwa kwenye sponji yenyewe. Sote tukainama. Hakikutoka kipovu hata kimoja.

Wasema waliokuwako Sagalla kwamba kasisi alikuwa ameshapanda bodaboda, kofia ngumu kichwani, pikipiki inanguruma, gari lilipotokea na vumbi lake.

Andikeni basi, enyi waandishi wa mambo makuu, na wajukuu wasomewe: kasisi alishuka.