Bomba Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mkaguzi wa mabomba ya zimamoto wa mtaa. Mimi! Nilimshinda Mwoka Mikate wa ng'ambo ya barabara kwa kura mbili, na hajanisalimia tangu siku hiyo. Leo nimekagua yote kumi na moja. Mwongozo unasema: fungua, acha maji yatoke mpaka kutu iishe, funga, paka grisi kwenye vifuniko, fyeka majani, andika. Nimefungua moja. Mengine nimeyatazama usoni tu, nikaona yana afya. Nimeandika "safi" mara kumi na moja.

Nyumbani, balaa. Gari la mikate la yule bwana limeegeshwa tena mbele ya dirisha letu la sebuleni. Mke wangu anashonea hapo dirishani, na mwezi mzima sasa anatunga uzi kwa kupapasa. Leo amesema amechoka kusema. Jumamosi likiwa bado hapo, yeye na cherehani yake wanahamia kwa dada yake. Nikacheka. Hakucheka. Nitaishije bila huyu mwanamke? Tena mama yake amesema yeye hahami!

Mama mkwe huyohuyo akanishauri. Mwanangu, si uvuke tu barabara ukamwombe jirani aliondoe? Nimwombe! Mtu niliyembwaga kwa kura!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Sheria inakataza kuegesha gari chini ya mita tatu kutoka kwenye bomba la zimamoto. Msimamizi wa sheria hiyo mtaani ni nani? Mimi. Kinachokosekana ni bomba tu.

Gari lilipokwenda kusambaza mikate, nikachimba shimo. Nikasimika kipande cha bomba la maji machafu. Vifuniko viwili vya makopo ya maziwa vikawa masikio. Kichwani nikapindua sufuria kubwa ya mama mkwe na kuikaza kwa waya. Rangi nyekundu, kopo zima. Namba 12 kwa nyeupe. Limependeza kuliko yale ya kweli, wallahi!

Mwoka Mikate alirudi saa nane, akalizunguka mara mbili. Akasema asubuhi halikuwepo. Nikamjibu kwamba siku hizi kazi zinafanyika haraka. Akaondoa gari, shingo upande. Mke wangu akatunga uzi mara moja tu, akaniletea chai bila kuombwa. Raha iliyoje!

Mama mkwe anatafuta sufuria yake.

Alhamisi, 6 Machi
Yule bwana mbishi kweli. Kadai kuona orodha, kakuta mabomba kumi na moja. Nikamwambia hiyo ni orodha ya zamani. Basi ikanibidi niandike mpya na kuipeleka mwenyewe kituo cha zimamoto. Kamanda akatia nukta nyekundu kwenye ramani yake, hatua nne tu kutoka mlangoni kwangu, akanisifu kwa uchapakazi. Nilitaka kumwambia ukweli. Kweli nilitaka. Lakini alikuwa amenishika mkono kwa heshima, na si kila siku mtu ananishika hivyo.

Gari la mikate sasa linaegeshwa kwenye kona, limeligubika bomba namba kumi na moja. Kosa la waziwazi! Ningemfukuza, lakini nikimfukuza pale atarudi wapi? Nikajifanya sioni.

Mama mkwe sasa anamshuku mama wa nyumba ya pili kuhusu sufuria. Hawasalimiani. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nimelowa chapachapa.

Asubuhi nilikuta njiwa wamelichafua namba kumi na mbili. Nikaenda jikoni kuchanganya rangi ya kurudishia. Kitambaa nilichokilowesha mafuta ya taa nikakiweka karibu na jiko. Karibu mno. Pazia likashika, kisha rafu, kisha moto ukageukia mlango wa sebuleni, kwenye cherehani! Mke wangu akashika simu awaite zimamoto. Nikamsihi asiwaite. Akaniuliza kama nina akili timamu, akapiga.

Walifika ndani ya dakika sita. Gari lao halikuwa na maji, walikuwa wametoka kuzima moto wa jaa la takataka. Kamanda akatutuliza: tusiwe na wasiwasi, bomba si lile pale! Akakaza spana kichwani, akazungusha. Bomba zima likazunguka nayo. Akavuta. Likang'oka kama muhogo, sufuria ikabaki mkononi mwake. Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Vijana wake wakakimbilia lile la kwenye kona, wakakuta gari la mikate juu yake, na mwenyewe hayupo.

Hapo ndipo mama mkwe alipotokea uani. Moto hakuuona. Aliona sufuria. Akasema hiyo ni yake, anaijua kwa ule mbonyeo wa pembeni. Akampokonya Kamanda, akachota maji ya kufulia kwenye beseni, akamwaga jikoni. Akachota tena. Sufuria ya saba, moto ukazimika. Ya nane alinimwagia mimi.

Cherehani imepona. Mke wangu aliikumbatia akalia. Nikalia na mimi, kwa kuwa niliona jinsi nilivyokaribia kumpoteza.

Jumatatu, 10 Machi
Cheo kimeota mbawa. Mkaguzi mpya ni Mwoka Mikate, na adhabu yangu ni kumfuata nyuma na kopo la grisi. Anafungua kila bomba! Namba saba lilitoa kutu, tope na chura. Kaandika hata chura.

Jana mke wangu alivuka barabara akamwomba asiegeshe tena dirishani. Akashangaa, mbona hakuambiwa mapema? Akapeleka gari nyuma ya duka lake. Basi! Mke wangu hahami, ila ametaka nikae nitafakari nilichokifanya.

Nimetafakari. Moto ulizimwa na nini? Sufuria. Sufuria ilitoka wapi? Kwenye bomba namba kumi na mbili. Kwa hiyo bomba pekee lililozima moto Jumamosi ni langu! Nimemwandikia Kamanda barua ya kumkumbusha.

Lakini mama wa nyumba ya pili, aliyechukizwa na mambo ya sufuria, ameanza kuegesha pikipiki yake palepale dirishani. Eti nikamwombe radhi! Nina nusu kopo la rangi nyeupe. Kivuko cha waenda kwa miguu hakihitaji hata shimo, ni mistari tu. Kinachokosekana ni kitu cha kunyooshea. Mama mkwe ana ubao mzuri sana wa kupigia pasi.