Mpira Uliovuka Michongoma ya Kerege

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Habari njema, tena inanihusu mimi. Mwalimu Jasmin wa shule ya Kerege, yule aliyewafundisha watoto wa huku besiboli, ametangaza kwamba Jumamosi atazindua kabati la vioo la kumbukumbu za timu. Anachokitaka kuliko vyote ni mpira alioupiga mwanafunzi wake wa zamani, Adila, siku walipocheza na wageni kutoka Dar. Mpira wenyewe ni wa ngozi, mkubwa kama chungwa, na unapigwa kwa rungu. Wengi huugusa tu. Adila aliupiga ukapita juu ya vichwa, ukavuka michongoma, ukavuka na barabara ya lami. Haukuonekana tena.

Haukuonekana na wengine. Mimi ninao. Niliuokota mtaroni Kerege baada ya masika kwisha. Nikajua papo hapo.

Unakaa chumbani pamoja na rungu lililovunjika, glavu iliyotafunwa na mbuzi na kofia zenye jasho la mechi. Kanuni yangu ni moja: kitu kiwe kimechezewa na kisiwe kimefuliwa. Bagamoyo nzima hakuna mwenye mkusanyiko kama huu. Samia, mke wangu, anakiita chumba cha matambara, na anakitaka kwa ajili ya cherehani yake. Nimemwambia jina la mtoaji litaandikwa kabatini kwa rangi ya dhahabu, kisha asinizungumzie chumba tena. Akauliza, na jina lisipoandikwa je? Nikasema basi chumba chako. Nilisema bila wasiwasi.

Tatizo dogo ni Mikdad, kaka yake Samia. Nilipofuga bata, shemeji akafuga bata. Nilipoanza kukusanya, akaanza kukusanya. Sasa anatangaza barazani kwamba mpira wa Adila anao yeye.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Kerege na shati jeupe. Nikakuta mpira wa Mikdad umeshawekwa mezani kwa Mwalimu Jasmin. Nikauweka wangu kando yake. Yote michafu, yote ya zamani. Wangu una heshima zaidi ukiutazama kwa kutulia.

Mwalimu akataka ushahidi. Nikatoa cheti chenye muhuri wangu, IMETHIBITISHWA. Akauliza kimetolewa na nani. Nikasema mimi. Akauliza nani aliyeukagua mpira. Nikasema mimi. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, nadhani kwa kuridhika. Kisha akasema Mikdad naye ameleta cheti. Nikakiona. Muhuri wake mkubwa kuliko wangu.

Mwalimu akaamua hivi: Bi Mwaija, muuza samaki aliye ng'ambo ya barabara, ndiye pekee aliyeuona mpira ukianguka. Jumamosi ataikagua yote miwili mbele ya watu. Akanirudishia wangu niutunze mpaka siku hiyo, akasema na Mikdad atarudishiwa wake.

Sikusubiri. Nikavuka barabara, nikamwamkia Bi Mwaija shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile.

"Nisikumbuke vipi? Uliniangukia kwenye karai, nikarukiwa mpaka kwenye mtandio. Nikauopoa, nikautupilia barabarani kwa hasira."

Nikalitazama karai lake. Jeusi, pana, mafuta yanachemka, samaki aina ya changu wanageuka rangi. Nikamtazama na uso. Hana kovu hata moja. Wanawake wa pwani wameumbwa imara.

Nyumbani nimeukagua mpira wangu kwa tochi. Hauna hata tone la mafuta. Nimekaa kitako nikafikiri.

Jumatano, 6 Agosti

Kughushi ni kutengeneza uongo. Nilichofanya leo si hicho. Kama mvua na jua vimeyaondoa mafuta, kosa ni la mvua na jua. Mimi nimeurudishia mpira hali yake.

Samia alikwenda kwa dada yake Mlingotini. Nikachukua kikaango chake kipya. Nikatanguliza changu wawili ili mafuta yapate harufu inayostahili, kisha nikauteremsha mpira taratibu. Ukachemka vizuri. Ngozi ikajikunja, nyuzi nyekundu zikawa nyeusi, mshono ukafumuka upande mmoja. Nilipouopoa ulikuwa wa kahawia, umekakamaa. Sijapata kuona kitu chenye sura ya kale namna ile.

Moshi ulikuwa mwingi kidogo. Jirani yetu Ashatu alipiga hodi kuuliza kama kuna aliyeungua. Samia naye akarudi mapema. Akasimama mlangoni.

"Baba Dija, unapika nini?"

Nikamwambia ninapika historia. Akachungulia kikaangoni, akauliza kama historia inaliwa kwa ugali au kwa wali. Kisha akamtupia paka wale changu. Paka aliwanusa, akaenda zake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mtaalamu wa kweli hategemei shahidi mmoja. Nimekwenda Chalinze kumtafuta Adila mwenyewe. Siku hizi anauza spea za malori karibu na njia panda. Alinijua. Shikamoo mjomba, akaacha boliti zake, akanipa kiti.

Nikaufungua mpira kutoka kwenye leso. Nikamwomba authibitishe kwa saini. Akaugeuza, akaunusa, akacheka mpaka akaegemea matairi.

"Mjomba, huu umefanywa nini?"

Nikasema umepitia mengi. Akanirudishia kwa adabu, akasema hawezi kuutia saini kwa sababu haujui. Mpira anaoupiga mtu hauoni. Anausikia mikononi tu. Anachokikumbuka ni kingine. Baba yake alikuwa amemkataza kabisa, akisema binti hashindi juani na rungu. Siku ile akaja, akasimama nyuma ya watu ili asionekane. Mpira ulipovuka michongoma akaita, "Adila! Adila wangu huyo!" Kila mtu akageuka.

"Hakuwahi kuniita vile kabla, na hakuishi sana baada ya pale," akasema. "Mimi nilichobaki nacho ni sauti hiyo."

Akaniuliza kama siku ile nilikuwepo. Nikasema nilikuwepo. Akauliza kama niliuona ukipita. Nikasema ukweli, kwamba wakati ule nilikuwa nimeinama nikinunua muhogo wa kuchoma, nikasikia kishindo, nikainua kichwa, watu wote wanatazama barabarani. Akaniangalia kwa huruma, akaniagizia chai.

Nimeyaandika hayo ya baba yake kwenye karatasi yake peke yake. Ni maneno mazuri. Bahati mbaya hayathibitishi mpira.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, mapumziko. Msikitini Mikdad alipanga safu karibu nami. Tukapeana mikono kama watu wazima. Pakawa na harufu kali ya samaki wa kukaanga. Nikadhani ni mimi, nikasogea. Harufu haikusogea. Sikuitilia maanani.

Jioni nimeandika cheti kipya, nikaongeza maneno "umewahi kukaangwa". Nimepiga mihuri miwili ili kuufikia ukubwa wa ule wa Mikdad.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku kubwa. Wazazi wamejaa uwanjani, timu imevaa sare, kabati linang'aa. Adila amekuja kutoka Chalinze. Bi Mwaija amekalishwa kiti cha mbele, amevaa kanga mpya.

Mwalimu Jasmin akatuita. Nikafungua leso yangu. Mikdad akafungua bahasha yake. Mpira wake ulikuwa wa kahawia, umekakamaa, umefumuka pande mbili. Alikuwa ameukaanga zaidi.

Mwalimu akatutazama mmoja mmoja kama tunavyotazamwa na Samia. Akamkabidhi Bi Mwaija yote miwili.

"Hii imekuwaje?" akauliza Bi Mwaija.

Mikdad akaniwahi. Akasema ni yale mafuta ya karai lake, siku ile.

"Mafuta gani, wanangu? Siku ile nilikuwa ninaosha samaki. Karai lilikuwa na maji."

Uwanja mzima ulicheka. Walicheka mpaka wageni rasmi wakavua miwani. Bi Mwaija alisubiri wakatulia, akaongeza kwamba mpira alioutupa uliangukia ndani ya lori la mchanga lililokuwa linapita, likaenda nao. Kwa hiyo si wangu wala si wa Mikdad.

Mwalimu Jasmin akaweka kabatini rungu alilotumia Adila. Kisha akamwomba Adila aseme neno. Adila akasimulia habari ya baba yake, kama alivyonisimulia mimi. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimtazama Mikdad, anajifuta macho. Akasema ni vumbi. Nikamwambia kweli leo kuna vumbi, nikajifuta na mimi.

Mbele ya rungu Mwalimu ameacha nafasi wazi, na kibao: MPIRA BADO UNATAFUTWA. Jina la dhahabu halikuandikwa. Hata hivyo nilitembea kurudi kwa fahari. Ni watu wangapi wa Bagamoyo wamewahi kuufanya uwanja mzima uwatazame? Mikdad alitazamwa na nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Cherehani imeingia chumbani asubuhi. Ahadi ni ahadi. Samia alinisaidia kubeba kofia. Mkusanyiko wangu umehamia banda la bata. Hewa ni nzuri na bata hawagusi ngozi.

Nilipokuwa ninapanga, akaja mtu aitwaye Husseni. Simjui. Alisema jana alikuwa uwanjani, akasikia habari ya lori la mchanga, akashtuka, kwa sababu ndugu yake alikuwa utingo wa lori hilo hilo na ule mpira aliuhifadhi miaka yote. Akautoa kwenye mfuko. Nikaukagua kwa makini, si kwa pupa kama wengine. Una chembe za mchanga kwenye nyuzi. Umelowana, tena maji yenyewe bado yanatiririka. Unanuka samaki wabichi. Ushahidi wote umekamilika. Mtu wa kawaida asingejua hata aanzie wapi.

Husseni hakutaka fedha. Alisema baiskeli yangu inatosha. Nikampa, nikaandika cheti hapo hapo juu ya paa la banda.

Alipokuwa anapanda baiskeli, mfuko ukafunguka, nikaona mpira mwingine, nao umelowa. Nikamuuliza. Akasema ule ni wa Mikdad, anampelekea sasa hivi.

Nikamzuia. Nikampa bata wawili, nikauchukua na huo. Mikdad ana kasoro zake, lakini ni shemeji yangu. Siwezi kukaa kimya huku anatapeliwa.