Askari Waliopunguzwa

Ulimi Laini alisimama dirishani kwa mama mshonaji, akajifanya anarekebisha kola kwenye kioo, kumbe macho yamo ndani, kwenye kabati. Humo walipangwa askari wa sanamu, wa vita vya zamani, kimo cha kidole, ambao marehemu mume wa mama aliwasubu kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, akawapaka rangi hadi vifungo vya koti.

Jamaa alijua kutazama. Mpiga ngoma ameinua kisigino, uzito wote uko mguu mmoja, nyonga imelalia upande kama ya mtu hai. Kichwa kwa mwili, mkono kwa bunduki, kila kitu kwa kadiri yake. Na mtaa wa pili yuko tajiri anayekusanya askari kama hao kwa hamu kuliko wengine wanavyotafuta wajukuu.

Akaingia na sura ya msibani.

"Pole, dada. Mimi ni mwamuzi wa mashindano ya hawa. Wale waliokakamaa mstari wa nyuma ni hazina, watunze. Ila huyu wa ngoma, nyonga imezidi. Wale wa kando yake shingo ndefu. Tena huyu wa ngoma kisigino kimepaa, vitani angeanguka kabla hajapigwa."

"Ehe," mama alijibu, pini mdomoni.

"Wanamwaibisha marehemu. Nipe hawa wenye kasoro tu, nikuachie pikipiki yangu."

Mama alikuwa akibeba sare za shule kichwani hadi shingo inalia. Akapokea ufunguo na kadi. "Njoo jioni, kaka. Mzigo wa mteja siutoi hivi hivi."

Jioni Ulimi Laini akarudi na tajiri, akiwasifia askari njia nzima. Mama akafunua kitambaa. Mpiga ngoma kasimama wima kama msumari, nyonga imepigwa tupa, kisigino kimegongwa chini. Wale wa shingo ndefu wamekatwa shingo, vichwa vimekalia mabega.

Tajiri akamwinua mmoja, akamlaza taratibu kama anamzika, akaondoka bila kuaga.

"Dada, umefanya nini?"

"Ulichosema. Mteja akisema imezidi, napunguza. Tangu nianze kushona sijabishana na mteja."

"Basi nirudishie pikipiki."

"Kaka yangu kaondoka nayo, kapeleka sare." Akamkabidhi kibahasha kizito kizito. "Na hivi ni vipande vyako vilivyobaki. Mimi si kama wale mafundi wanaokula kitambaa cha mtu."